Milimita Moja kwa Siku: Historia ya Kushona Neva za Mkono

Neva tatu kubwa huuhudumia mkono wa binadamu kutoka kwapani hadi ncha za vidole. Neva ya mediani hupita katikati ya kigasha, huingia kiganjani na kuipa ngozi ya gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati hisia yake. Ndiyo inayomwezesha mshonaji kuokota sindano bila kuitazama. Neva ya alna hupita nyuma ya kiwiko, pale ambapo mtu akijigonga husikia mfano wa shoti ya umeme hadi kidole cha mwisho, nayo huendesha misuli midogo inayovitanua na kuvikutanisha vidole. Neva ya radiali huuzunguka mfupa wa mkono wa juu, kisha huwezesha kiganja na vidole kunyanyuka. Mediani ikikatwa, gumba halifiki tena mbele ya vidole wala halijui limeshika nini. Alna ikikatwa, vidole viwili vya mwisho hujikunja kama kucha za mwewe. Radiali ikikatwa, kiganja huning'inia.

Kisu, kioo kilichovunjika, panga, risasi na mashine za viwandani ndivyo vinavyozikata mara nyingi. Kwa sehemu kubwa ya historia ya tiba, mganga aliyekutana na jeraha la namna hiyo alizuia damu, akafunga ngozi, na kumwachia mgonjwa mkono uliokufa ganzi.

Sababu ya kwanza ilikuwa ni kutojua neva ni kitu gani. Kiswahili chenyewe kinaonyesha jinsi ilivyo rahisi kuchanganya: mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, na wengi husema mshipa wakimaanisha kano au hata ngiri. Wagiriki wa kale walikuwa na shida hiyohiyo, kwani neno lao neuron lilitaja kano na neva kwa pamoja. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Herophilus wa Alexandria alipasua maiti na kuzitenga neva na kano kwa kazi zake. Galen, aliyewatibu wapiganaji wa viwanjani huko Pergamon katika karne ya 2, aliijua tofauti hiyo vizuri. Hata hivyo aliacha nyuma yake hofu iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja: kwamba neva ikichomwa sindano, mgonjwa hupatwa na mitukutiko ya mwili na kufa. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Majeraha machafu yalileta pepopunda, na aliyemwona mgonjwa akikakamaa siku chache baada ya kushonwa hakuwa na njia ya kujua kwamba kosa halikuwa la sindano.

Wapo walioivuka hofu hiyo. Ibn Sina, mwandishi wa Al-Qanun fi al-Tibb aliyefariki mwaka 1037, hutajwa na wanahistoria wa upasuaji miongoni mwa waliotangulia kushauri ncha za neva zishonwe pamoja, na katika karne ya 13 William wa Saliceto huko Italia akatoa ushauri wa namna hiyo. Lakini ushauri haukuwa na ushahidi wa kuutetea. Hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba neva iliyokatwa hupona, na wakubwa wa elimu ya mwili walisisitiza kwamba haiponi.

Ushahidi ulitoka London, kwa mbwa. Mwaka 1776 William Cruikshank alikata neva za shingoni za mbwa na baadaye akaona ncha zimeunganishwa na kitu kipya kilichofanana na neva, ila taarifa yake ilikaa bila kuchapishwa hadi 1795. Mwaka huo huo John Haighton alichapisha jaribio ambalo hata leo linapendeza kwa mantiki yake. Alijua kwamba mbwa akikatwa neva zote mbili za vagasi, zipitazo shingoni, kwa mkupuo, hufa. Basi akakata moja, akangoja wiki sita, ndipo akakata ya pili. Mbwa akaishi. Hapo mpinzani angeweza kudai kwamba mwili umejifunza kuishi bila neva hizo, wala si kwamba zimepona. Kwa hiyo Haighton alimtunza mnyama yule miezi 19, kisha akazikata zote mbili tena kwa pamoja. Safari hii mbwa alikufa. Kilichokuwa kikimweka hai ni neva zilizoota upya.

Ikabaki kujua zinaotaje. Mwaka 1850 Augustus Waller, daktari Mwingereza aliyekulia Ufaransa, alikata neva za ulimi wa chura na kuzifuatilia siku baada ya siku kwa hadubini. Aliona kwamba sehemu iliyotengwa na mwili wa seli hukatikakatika na kuoza yote, kuanzia pale ilipokatwa hadi mwisho wake, huku sehemu iliyobaki upande wa uti wa mgongo ikiendelea kuishi. Uharibifu huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. Maana yake kwa mpasuaji ilikuwa nzito: neva haiungani kama mfupa au ngozi. Kipande cha mbele kimekwisha kufa. Kinachowezekana ni nyuzi mpya kuchipua kutoka kipande cha nyuma, kuvuka pengo, na kusafiri safari nzima upya hadi kidoleni.

Wapasuaji wengi hawakuielewa maana hiyo mapema. Katika miaka ya 1860 zilitoka Paris taarifa za neva za mediani zilizoshonwa, na hisia ya vidole kurudi baada ya siku chache tu. Kwa kipimo cha Waller jambo hilo lisingewezekana. Aliyetegua kitendawili ni Letiévant wa Lyon, katika kitabu chake cha 1873 kuhusu neva zilizokatwa. Alionyesha kwamba neva jirani hugawana maeneo ya ngozi na misuli, na kwamba mtikisiko mdogo husafiri kupitia tishu hadi kwenye ngozi iliyo hai pembeni. Mgonjwa akiguswa kidole kilichokufa ganzi, jirani hujibu kwa niaba yake. Somo hili lilikuwa chungu, kwa sababu lilifuta ushindi mwingi uliokwisha kutangazwa, lakini bila hilo kipimo chochote cha mafanikio kisingekuwa na maana. Mwaka huohuo wa 1873 Carl Hueter huko Ujerumani alieleza ushonaji uliotawala karne iliyofuata: sindano ipite kwenye ala ya nje ya neva tu, izilete ncha mbili uso kwa uso, na nyuzi za ndani zisiguswe.

Katika miaka hiyo ya 1860 Marekani ilikuwa imo katika vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe. Katika hospitali ya Turner's Lane, Philadelphia, Silas Weir Mitchell na wenzake George Morehouse na William Keen walikusanya askari waliojeruhiwa neva kwa risasi na kuwachunguza kwa umakini ambao haukuwahi kuonekana. Kitabu chao cha 1864 kiliwaeleza watu waliopata maumivu ya moto mikononi, wakitembea na vitambaa vilivyoloweshwa maji, wasiostahimili hata mchakacho wa karatasi karibu nao. Mitchell baadaye aliyaita maumivu hayo kozaljia. Hakuwa na tiba ya maana ya kuwapa zaidi ya mofini, lakini kwa mara ya kwanza mgonjwa wa neva alisikilizwa, na yale aliyoyasema yakaandikwa.

Mtu mmoja aliamua kuwa mgonjwa kwa hiari. Henry Head, daktari wa mfumo wa neva jijini London, alichoka kuwauliza wagonjwa waliochoka, wasiokuwa na maneno ya kueleza wanachohisi. Tarehe 25 Aprili 1903, akiwa na umri wa miaka 41, alilala juu ya meza na mpasuaji Henry Dean, akisaidiwa na James Sherren, akamkata neva mbili za ngozi kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, kisha akaziunganisha kwa uzi mwembamba wa hariri. Kwa miaka minne iliyofuata Head alisafiri hadi chumba cha rafiki yake W. H. R. Rivers, katika Chuo cha St John's huko Cambridge. Alifumba macho, naye Rivers akamgusa kwa pamba, pini, na mirija ya maji ya moto na ya baridi, akichora mpaka wa ganzi juu ya ngozi. Walifanya vipimo kwa siku 167. Waliona kwamba hisia ya maumivu makali na ya joto na baridi kupita kiasi hutangulia kurudi, ikiwa kali na isiyojua mahali pake. Hisia ya mguso mwepesi na ya kupambanua nukta mbili zilizo karibu hufuata kwa kuchelewa sana. Head alijenga juu ya matokeo hayo nadharia ya mifumo miwili ya hisia. Wilfred Trotter na Morriston Davies, waliojikata neva zao wenyewe na kutoa matokeo yao mwaka 1909, hawakukubaliana nayo, na nadharia hiyo haikudumu. Mpangilio wa kurudi kwa hisia, hata hivyo, ni ule ule ambao mtaalamu wa mikono huutazamia kwa mgonjwa wake leo.

Mjadala wa namna neva inavyoota ulifungwa na Mhispania Santiago Ramón y Cajal. Tangu 1890 alikuwa ameona, katika kiinitete cha kifaranga, kwamba kila uzi wa neva unaokua una ncha iliyotanuka, laini, inayopenya kati ya seli kama mzizi unaotafuta maji. Alipozikata neva za wanyama aliziona ncha hizohizo zikichipuka kutoka kipande cha nyuma, nyingi kupita kiasi, zikitangatanga ndani ya kovu. Zile zilizofika kwenye kipande cha mbele ziliingia katika mifereji iliyoachwa na nyuzi zilizokufa na kwenda mbele. Zilizokosa njia zilijikunja na kufanya fundo, lile linalouma likiguswa na ambalo madaktari huliita nyuroma. Kitabu chake cha juzuu mbili, cha 1913 na 1914, kilichapishwa kwa mchango wa madaktari Wahispania waliokuwa Argentina. Mpasuaji anayekisoma anaelewa kazi yake ilivyo. Hashoni nyuzi. Anafungua njia, anaondoa kovu, anasogeza milango miwili ikabiliane, halafu anangoja.

Kungoja huko kuna kipimo: takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole ni miezi sita hivi. Kutoka kwapani hadi misuli midogo ya kiganja ni karibu miaka miwili. Na misuli haingoji hivyo. Ikikaa bila neva kwa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu huwa imesinyaa na kujaa nyuzi za kovu, na neva ikifika haipati cha kuendesha. Karibu kila uvumbuzi uliokuja baadaye katika fani hii ni njia ya kushindana na hesabu hiyo.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta majeruhi kwa maelfu, na pamoja nao swali la kila siku wodini: neva hii inaota au haioti? Mwaka 1915 watu wawili walilijibu kwa njia moja bila kuwasiliana, Paul Hoffmann upande wa Ujerumani na Jules Tinel upande wa Ufaransa. Daktari hugonga taratibu kwa kidole juu ya njia ya neva. Pale ncha changa zilipofikia, mgonjwa husikia kama sisimizi wanatambaa, si pale panapogongwa, bali kwenye vidole vyake vilivyokufa ganzi. Wiki kwa wiki mahali hapo husogea mbele. Mahandaki yaliwatenganisha watu hao wawili, lakini alama hiyo sasa hutajwa kwa majina yao yote mawili.

Matokeo ya upasuaji wenyewe katika vita hivyo yalikuwa duni. Majeraha yalijaa udongo na usaha, na pengo lililobaki baada ya kukata kovu lilizibwa kwa kuvuta ncha kwa nguvu au kukunja kiwiko na kukifunga hivyo kwa wiki kadhaa. Kilipokunjuliwa, mshono ulitanuka, na nyuzi changa zikakatika au zikazama katika kovu jipya. Wengi ambao mshono haukuwafaa walisaidiwa kwa njia nyingine: kano za misuli iliyobaki hai zilihamishwa zifanye kazi ya ile iliyopooza. Kwa kiganja kinachoning'inia, tiba hiyo ilitoa mkono wenye manufaa kuliko neva nyingi zilizoshonwa zama hizo.

Vita vya Pili vilikuwa na penisilini, na vilikuwa na watu waliojali kuhesabu. Huko Oxford, Herbert Seddon alitoa mwaka 1943 mgawanyo wa majeraha matatu: neva iliyoduwaa tu huku nyuzi zake zikiwa nzima, neva ambayo nyuzi zimekatika ndani ya ala isiyoguswa, na neva iliyokatika yote. Mbili za kwanza hupona zenyewe. Ya tatu haiponi bila mpasuaji. Sydney Sunderland wa Melbourne, aliyewafuatilia askari wa Australia kwa miaka mingi, alizifanya daraja tano mwaka 1951, akionyesha kwamba hata ndani ya ala nzima kovu linaweza kuziba njia. Pia aliichora ramani ya ndani ya neva kwa uvumilivu wa ajabu, akionyesha kwamba matita ya nyuzi hugawanyika na kuungana njiani, hivyo mchoro wa tita juu ya kiwiko haufanani na mchoro wake chini ya kiwiko. Huko Marekani, Barnes Woodhall na Gilbert Beebe walitoa mwaka 1956 ripoti iliyofuatilia majeraha 3,656 ya neva. Na Sterling Bunnell wa San Francisco, ambaye kitabu chake cha upasuaji wa mkono kilitoka mwaka 1944, alisimamia vituo maalumu vya mikono vya jeshi la nchi hiyo. Alidai kwamba mfupa, kano, neva na ngozi ya mkono vishughulikiwe na mpasuaji mmoja. Kabla yake mgonjwa mmoja aliweza kugawanywa kwa madaktari wanne, kila mmoja akitengeneza chake.

Yote hayo yalifanywa kwa macho matupu, au kwa miwani ya kukuza kidogo. Neva ya mediani kwenye kifundo cha mkono ni nene kama penseli nyembamba. Neva ya kidole haizidi unene wa uzi wa sufi. Wapasuaji wa masikio walikuwa na hadubini ya chumba cha upasuaji tangu Carl Nylén alipoitumia Stockholm mwaka 1921, ila waliohudumia mikono hawakuifikiria hadi miaka ya 1960. Mwaka 1960 Julius Jacobson, huko Vermont, alionyesha kwamba mishipa midogo ya damu hushoneka chini yake, na miaka minne baadaye James Smith wa New York akaeleza matumizi yake kwa neva. Zikafuata sindano ndogo na nyuzi za nailoni nyembamba kuliko unywele. Kwa mara ya kwanza mpasuaji aliyaona matita, akaweza kulielekeza kila moja kwa mwenzake badala ya kushona ala na kutumaini.

Miaka hiyohiyo ulifunguka mlango wa kurudisha viungo vilivyokatika kabisa. Mei 1962, mjini Boston, Ronald Malt na wenzake walimrudishia mvulana wa miaka 12 mkono uliokatwa na treni karibu na bega. Mfupa na mishipa ya damu viliungwa siku ile, neva zikashonwa miezi kadhaa baadaye. Januari 1963 Chen Zhongwei alirudisha kiganja cha mfanyakazi wa kiwandani mjini Shanghai. Mwaka 1965 huko Nara, Japani, Komatsu na Tamai wakarudisha gumba lililokatika lote. Magazeti yalishangilia rangi ya damu iliyorudi kwenye ngozi. Wapasuaji wenyewe walijua kwamba kiungo chenye damu lakini kisicho na hisia huungua kwenye sufuria bila mwenyewe kujua, na kwamba hukumu ya kweli ya kazi yao itatolewa na neva, baada ya mwaka au miwili.

Mabadiliko makubwa zaidi ya karne hiyo hayakutokana na chombo kipya. Huko Vienna, Hanno Millesi alikuwa akijiuliza kwa nini mishono mizuri hushindwa, na jibu alilopata ni mvuto. Neva ikivutwa, hata kidogo, damu yake hupungua na kovu huzidi. Tangu Philipeaux na Vulpian walipojaribu kwa mbwa mwaka 1870, kupandikiza kipande cha neva kulidharauliwa, kwa sababu nyuzi hulazimika kuvuka mishono miwili badala ya mmoja. Millesi alithibitisha kwamba mishono miwili iliyolegea ni bora kuliko mmoja uliokaza. Alichukua neva ya surali kwenye shavu la mguu, ambayo kuikosa humwachia mtu ganzi ndogo pembeni mwa unyayo. Aliikata vipande, akaviweka kati ya matita moja baada ya jingine, kwa nyuzi chache kadiri inavyowezekana. Matokeo ya wagonjwa wake wa neva za mediani na alna, yaliyochapishwa mwaka 1972, yaliwageuza hata waliompinga. Baadaye zilikuja njia za kuokoa mguu usipasuliwe: mrija wa silikoni wa Göran Lundborg wa Malmö, mirija ya kolajeni inayoyeyuka mwilini, na neva za wafu zilizosafishwa seli. Zinafaa kwa mapengo mafupi. Kwa pengo refu la neva kubwa, kipande cha mgonjwa mwenyewe bado ndicho kinachotegemewa.

Ilibaki hesabu ya umbali. Neva zinapong'oka shingoni, kama inavyotokea kwa mwendesha pikipiki anayeangukia bega, safari ni ndefu mno, na mkutano wa madaktari wa mifupa uliofanyika Paris mwaka 1966 ulifikia uamuzi kwamba ukarabati wake hauna matumaini makubwa. Algimantas Narakas wa Lausanne na Millesi hawakuukubali uamuzi huo, wakaendelea kupandikiza. Lakini njia iliyoleta nafuu kubwa ni kukwepa safari yenyewe. Mwaka 1994 Christophe Oberlin wa Paris alieleza jinsi ya kuchukua tita moja la neva ya alna iliyo nzima na kulishona kwenye tawi linaloingia msuli wa mbele wa mkono wa juu. Alna haidhuriki kwa kupoteza kiasi hicho, na umbali unaobaki ni sentimita chache. Mgonjwa huanza kukunja kiwiko baada ya miezi michache. Mwanzoni hulazimika kukaza ngumi ili kiwiko kikunjike, kwa sababu ubongo bado unatuma amri ya vidole; baada ya muda hujifunza kutenganisha. Susan Mackinnon, aliyefanya kazi Toronto na kisha St. Louis, aliipanua mbinu hii kwa neva nyingine, ikiwemo kuelekeza tawi dogo la mediani kwenye alna iliyokatwa juu, ili misuli ya kiganja ipate neva kabla haijachelewa.

Ubongo ndio sura ya mwisho ya historia hii, na ndiyo iliyochelewa kuandikwa. Erik Moberg wa Göteborg alionyesha mwaka 1958 kwamba vipimo vya pamba na pini havisemi kama mkono unafaa kwa kazi, akawataka wagonjwa waokote vitu vidogo kwanza wakitazama, kisha wakiwa wamefumba macho. Hata nyuzi zikiota vizuri, nyingi huingia mifereji isiyo yake: uzi wa kidole cha kati huishia kwenye kidole cha shahada. Ubongo hupokea taarifa zilizovurugika, kama barua zilizotumbukizwa kwenye masanduku ya jirani. Mtoto hujipanga upya kwa wepesi, na ndiyo maana neva iliyokatwa utotoni hupona vizuri kuliko ya mtu mzima aliyeshonwa na mpasuaji yuleyule. Kwa watu wazima, Lee Dellon nchini Marekani na Wynn Parry nchini Uingereza walianzisha katika miaka ya 1970 mafunzo ya hisia. Lundborg aliyasogeza mwanzoni kabisa mwa tiba, akitumia glavu yenye vinasa sauti ili mgonjwa asikie kwa masikio kile ambacho vidole bado havihisi, na sehemu ya ubongo inayomiliki kiganja isinyang'anywe na majirani. Nyuzi zinapofika kidoleni, mazoezi huwa ya kawaida kabisa: mgonjwa hugusa kitu huku akikitazama, hufumba macho na kukigusa tena, mara kadhaa kwa siku, kwa miezi, hadi aweze kutia mkono kwenye mfuko na kutenganisha sarafu na kifungo cha shati.